Nilikwenda Tukuyu kumwona baba mkwe, kumbe hatutakiwi kuonana

Wiki iliyopita hamkuniona hapa. Najua wapo waliofurahi, na wapo mashoga zangu wa Magomeni waliovumisha kwamba nimeolewa kimya kimya. Jamani, bado. Ila nilikuwa njiani kuelekea huko. Nilikuwa Tukuyu, wilaya ya Rungwe, nimepelekwa kutambulishwa.

Yule bwana ninayemtaja humu mara kwa mara, leo tumwite Mwafulani, maana ndugu zetu wa Rungwe majina yao ya ukoo karibu yote yanaanza na Mwa. Mimi mtoto wa Kizaramo, nimekulia Magomeni, baridi naijua ya kwenye friji. Siku aliponiambia, "Mzee anataka umfikie nyumbani," nikakimbilia saluni. Nikasuka, nikanunua gauni refu la heshima, nikatenga na khanga doti mbili za mama mkwe. Nikajiona nimekamilika. Laiti ningejua!

Safari siwachoshi nayo. Mnaondoka Dar alfajiri, mnapita Mikumi mnahesabu twiga, mnapanda Kitonga kila mtu anasali kwa dini yake, Makambako baridi inaanza kupiga hodi. Kufika Uyole, kabla hamjaingia Mbeya mjini, mnakata kushoto kushika barabara inayoteremka hadi Kyela na mpaka wa Malawi. Kutoka hapo ni kijani mpaka macho yanauma. Chai, migomba, viazi, mahindi, miparachichi ambayo siku hizi matunda yake yanakwenda kuliwa Ulaya. Na mvua! Huku inanyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mwafulani akaniambia Tukuyu mwavuli ni sehemu ya mwili. Nikacheka. Kufika saa tatu usiku nikaacha kucheka.

Sasa sikilizeni kisa chenyewe.

Asubuhi yake natoka ndani nimejifunga khanga, ukungu umetanda, nakuta mzee mmoja mrefu amesimama uani, koti zito, kofia, fimbo mkononi. Sura ni ya Mwafulani tupu, kasoro mvi. Nikasema huyu ndiye. Nikamwendea na tabasamu langu lote la Magomeni, mkono mbele, sauti juu: "Shikamoo baba!"

Mzee akanipa mgongo. Hakuitika. Akageuka, akaingia kwenye migomba, akapotelea humo na fimbo yake.

Wapenzi, mimi nilibaki na mkono wangu hewani kama askari wa usalama barabarani. Kichwani maswali elfu moja. Hanitaki kwa sababu si Mnyakyusa? Kwa sababu ni Mzaramo? Hili gauni? Nikarudi ndani nikaanza kufungasha begi. Machozi yalikuwa karibu, nasema kweli.

Aliyeniokoa ni wifi, dada yake mkubwa Mwafulani. Akanikuta nakunja nguo, akauliza kulikoni, nikamweleza. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaniuliza, "Kwani mdogo wangu hakukwambia?" Kuniambia nini? "Kwamba wewe na baba hamtakiwi kuonana."

Basi nikapelekwa jikoni, nikakalishwa kwenye kigoda, na huku tunamenya ndizi nikafundishwa somo ambalo kungwi wangu hakunipa.

Kwa mila ya Wanyakyusa, mke wa mtoto na baba mkwe wanakwepana. Hawapeani mikono, hawakai chumba kimoja, hawaangaliani usoni. Zamani mkamwana akimwona baba mkwe anakuja njiani, anaacha njia, anachuchumaa pembeni, anajifunika kichwa na kugeukia kando mpaka mzee apite. Na mzee naye akimwona anafanya hima apite. Hiyo si chuki, ni heshima, tena ya pande zote mbili. Kumbe yule mzee kunipa mgongo alikuwa ananiheshimu. Mimi niliyemkimbilia na mkono ndiye niliyemvunjia adabu, mbele ya kuku wake.

Na bado. Jina la baba mkwe halitamkwi. Si jina tu, hata maneno yanayofanana nalo kwa sauti. Mwanamke analazimika kutafuta neno jingine la kuzunguka. Jambo hilo wanaliita ingamwana, na wataalamu wa lugha wamelifanyia utafiti. Chukueni mfano wa kwetu. Umeolewa kwa Mzee Maji. Kuanzia leo husemi maji, unasema "kile cha kunywa". Majimatitu unapita unaita "kule mbele ya Mbagala". Ukiolewa kwa Mzee Simba, pole sana, itabidi ushabikie Yanga.

Wifi akasema mambo hayo yamelegea. Familia nyingi za siku hizi, hasa za walokole na za wasomi, mkwe na mkamwana wanakaa meza moja wanakula. "Lakini baba ni wa zamani," akasema. "Ukishakanyaga ua wake umeletwa na mwanawe, kwake wewe ni mkamwana. Hata ng'ombe wasipotoka."

Hapo nikamtafuta Mwafulani. Nilimkuta nyuma ya nyumba anajifanya anapasua kuni. Tukagombana kwa kunong'ona, maana ukweni hapapigwi kelele. Nikamuuliza alisahau kuniambia, au? Akazungukazunguka, mwisho akasema aliona haya. Alidhani nitacheka. Alidhani nitaandika gazetini kwamba kwao ni washamba. Nikanyamaza, kwa sababu miaka miwili nyuma ningeandika hivyo kweli.

Ila na mimi nilikuwa na dukuduku. Nilimuuliza kwa nini anayechuchumaa ni mimi, na yeye kwa mama yangu anaingia mpaka jikoni anafunua masufuria. Hakuwa na jibu. Akaendelea na kuni.

Jibu, au nusu ya jibu, nililipata kwa jirani, mzee wa makamo ya baba mkwe ambaye kwa kuwa si mkwe wangu niliruhusiwa kumsalimia. Tena kwa Kinyakyusa, maana wifi alikuwa ameshanifundisha. Kwa mtu mzima unasema "Mwaghonile". Neno lenyewe lina usingizi ndani yake, ni kama kumuuliza mmelala salama? Na kushukuru ni "Ndaga", ukitaka kushukuru sana ni "Ndaga fijo". Kwa maneno matatu hayo nilikaribishwa ndizi za maharage katika nyumba tatu kwa siku moja. Nguo zangu za Dar zikaanza kunibana.

Mzee yule akanisimulia kuhusu vijiji vya rika. Ninyi mabaharia wa Sinza na Kinondoni mnaojiona mmegundua geto, someni hapa. Zamani mtoto wa kiume wa Kinyakyusa akifika miaka kama kumi au kumi na moja, alikuwa anahama kwa baba yake. Anakwenda yeye na wenzake wa umri mmoja, wanajenga vibanda vyao pembeni, wanalala huko. Kula wanakula pamoja, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule, kundi zima linavamia sufuria. Wakikua wanaoa hapo hapo, na kile kibanda cha watoto kinageuka kijiji cha watu wazima. Nchi nzima ilikuwa hivyo: kijiji cha vijana, kijiji cha wenye familia, kijiji cha wazee. Mtu anakaa na rika lake maisha yote. Na kila baada ya miaka kama thelathini inafanyika sherehe kubwa inayoitwa ubusoka, wazee wanakabidhi utawala kwa kizazi cha watoto wao, na wana wa malafyale, yaani chifu, wanatawazwa.

Kulikuwa na wazungu wawili, mtu na mkewe, Godfrey na Monica Wilson, waliokaa na Wanyakyusa katika miaka ya 1930 wakichunguza mambo haya. Mama huyo mwaka 1951 akatoa kitabu kizima kuhusu vijiji vya rika, na jina lake linatokana na jambo ambalo Wanyakyusa wanaliita ukwangala, yaani raha ya kukaa pamoja na wenzako, kula, kunywa na kupiga soga. Kijiwe, kwa lugha yetu. Tofauti ni kwamba wao kijiwe chao kilikuwa na mashamba.

Sasa unganisheni. Enzi hizo baba mwenye ng'ombe alikuwa anaoa wake wengi, wengine umri sawa na wake wa wanawe. Na baba akifariki, wake zake walirithiwa ndani ya ukoo. Mambo yangeweza kuchanganyika vibaya. Kwa hiyo wakaweka ukuta: wana wahamie kwao, na mke wa mwana asionane na baba mkwe kabisa. Kijiji cha rika na kujifunika khanga vilikuwa pacha. Kimoja kimekufa, kingine kimebaki peke yake, ndiyo maana mgeni kama mimi akikiona hakielewi.

Vijiji vya rika vilikufaje? Mzee hakulaumu mtu. Alisema ardhi ilibana. Watu wakapanda kahawa na chai, na mti wa kahawa huwezi kuhama ukauacha. Vijana wakaenda kutafuta kazi za mbali. Misheni nazo zilikuwa zimeingia tangu 1891, Wamoravian wakaweka kituo Rungwe, shule zikafunguliwa. Mwaka 1963 uchifu wenyewe ukafutwa na serikali nchi nzima. Leo ukipita huoni kitu, ni nyumba za bati na migomba. Yeye mwenyewe alivikuta mwishoni mwishoni, na hadithi nyingi alisimuliwa na baba yake.

Msinielewe vibaya, kutembea nilitembea. Niliiona Daraja la Mungu, mwamba ambao volkano iliulaza juu ya mto Kiwira, unavuka kwa miguu na maji yanapita chini yako. Niliona Kijungu, mahali mto huo huo unapoingia kwenye tundu la jiwe kama uji kwenye chungu. Nilipanda msituni nusu nife mpaka ukingo wa Ziwa Ngozi, maji ya kijani yametulia chini kabisa ndani ya kreta. Mlima Rungwe, mita zaidi ya 2,900, niliuona dakika tano tu, ukungu ukafunga pazia. Huko juu kuna kima anayeitwa kipunji ambaye wanasayansi hawakuwa wanamjua mpaka 2003, wawindaji wa huko wakiwa wanamfahamu siku zote. Na mji wa Tukuyu waliuanzisha Wajerumani wakauita Neu Langenburg, kisha mwaka 1986 ukatoa bingwa wa soka wa Tanzania, Tukuyu Stars. Vijana wa Kariakoo mnajifanya mmesahau.

Lakini kilichonikaa moyoni si ziwa. Ni msiba.

Siku ya tatu alifariki bibi mmoja jirani. Sijawahi kuona kitu kama kile. Dakika chache tu na kijiji kizima kimesimama. Hakuna aliyekwenda shamba. Wanaume wamekaa nje kwenye migomba, wanawake ndani wanalia. Huyu kaleta kuni, huyu mahindi, huyu mkungu wa ndizi. Ng'ombe akachinjwa. Wifi akasema zamani mazishini vijana walikuwa wanacheza ngoma na mikuki mikononi, wanamuaga marehemu kwa vishindo, mpaka ugomvi ulikuwa unazuka. Siku hii walikuwepo kwaya na matarumbeta. Mimi nilichota maji na kuosha vyombo tangu asubuhi hadi jioni, na kila baba mkwe alipopita nilichuchumaa nikajifunika. Mara ya kwanza nilichuchumaa na hasira. Mara ya sita sikuwaza tena, nilikuwa na masufuria.

Usiku ule nikiwa na wifi jikoni nikaambiwa jambo ambalo Mwafulani hakuniambia pia. Mwaka juzi baba yake mdogo alifariki, ndugu wa tumbo moja na mzee. Mwafulani hakuja kuzika. Kazi, alisema. Alituma pesa kwa simu. Pesa nyingi, zilinunua ng'ombe. Mzee alizipokea, hakusema kitu, lakini tangu siku ile hakumpigia simu mwanawe hata mara moja. Mpaka aliposikia ana mchumba.

Nikaelewa nilichoitiwa.

Siku ya kuondoka mvua ilikuwa inanyesha kama kawaida yake. Nikaambiwa baba anataka kusema na mimi. Vipi tena? Nikawekwa ndani karibu na dirisha, nimejifunika khanga, nimekaa na sufuria la chai miguuni. Yeye akakaa nje barazani, ametupa mgongo dirisha. Katikati mlangoni akasimamishwa mjukuu wa miaka sita kuwa mkalimani. Mzee anasema, mtoto anarudia, "Babu anasema umelala salama?" Mimi najibu, mtoto anarudia. Mambo yakaenda vizuri, mpaka akapita kifaranga. Mkalimani wetu akaondoka mbio kukifukuza mvuani.

Tukabaki wawili, hakuna wa kati. Mvua tu juu ya bati. Nilisikia mzee anakohoa. Halafu akaanza kusema, kwa Kiswahili, taratibu. Alikuwa anausemesha mgomba uliokuwa mbele ya baraza.

"Mgomba," akasema, "huyu mtoto wa watu ametoka mbali. Ameosha vyombo vya msiba wa mtu asiyemjua. Nimeona."

Akanyamaza. "Lakini nataka kuuliza, mgomba. Mimi ni mzee. Siku yangu ikifika, watakuja, au watatuma pesa kwa simu?"

Nilikaa kimya muda mrefu. Ningeweza kusema maneno matamu, mnanijua. Lakini nilifikiria mimi mwenyewe. Bibi yangu mzaa mama yuko Kisarawe, si mbali na Dar hata kidogo, na sijamwona tangu Idi mbili zilizopita. Nami namtumia kwa simu.

Nikaiambia sufuria. "Sufuria," nikasema, na sauti ilikuwa inatetemeka, "mwambie mzee tutakuja. Nitamleta mwenyewe, hata kwa kumkokota. Lakini naye asitungoje mpaka afe. Akitaka tuje, apige simu. Mwanawe anaogopa kupiga."

Nje kimya. Nikajua nimeharibu. Mkamwana gani anamtuma sufuria kumwambia mzee apige simu?

Kisha nikasikia, kwa sauti ya chini kabisa, mzee akiuambia mgomba wake: "Ndaga fijo."

Akainuka, akaenda zake. Uso wake mpaka leo sijauona sawasawa. Nimeuona mgongo, kofia na koti. Lakini nawaambieni, nimeshakaa sebuleni na wazee wengi wa mjini, wananitazama usoni kwa raha zao, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza swali zito kama lile.

Sisemi mila zote zibaki. Bado nadhani si haki kuchuchumaa kuwe kwa mwanamke zaidi. Nimemwambia Mwafulani akija kwa mama yangu tena kufunua masufuria, na yeye atajifunika khanga. Mahari bado yanajadiliwa, na baba yangu ameuliza ng'ombe Magomeni atawafunga wapi, kwenye nguzo ya umeme? Hayo tutayamaliza.

Ninachosema ni kwamba tunakaa humu mjini tunajua mitaa ya Dubai kwa majina, lakini Rungwe tunaijua kwa ndizi na viazi vinavyoshuka sokoni. Na hata kwetu kwenyewe hatupajui. Ukioa au kuolewa uliza mapema. Muulize mwenzako kwao wanasalimianaje, nani asitazamwe, jina gani lisitamkwe. Usisubiri kubaki na mkono hewani kama mimi.

Jumapili iliyopita simu ya Mwafulani iliita tukiwa tunakula. Akatazama kioo, akasita, akaondoka mezani akaenda kupokelea nje. Alikaa huko nusu saa, chakula kikapoa. Aliporudi sikumuuliza alikuwa nani.

Mimi Jumamosi hii nakwenda Kisarawe. Tuonane wiki ijayo.